Panga Safari kwa Mwendo wa Aliye Nyuma

Wanandoa wanaojiandaa kwa safari yao ya kwanza ndefu ya baiskeli huanza na maswali mawili: wapite njia gani, na wanunue baiskeli za aina gani. Mimi na mume wangu nasi tulianzia hapo. Tulitumia miezi minne tukilinganisha ramani na gia, lakini hatukukaa hata jioni moja tukaulizana kila mmoja wetu anaweza kwenda kilomita ngapi akiwa na mzigo, kisha akaamka kesho yake akiwa bado na hamu ya kuendelea. Swali hilo ndilo la kwanza. Majibu yake huwa mawili yasiyolingana, na safari hupangwa kwa lile dogo.

Jibu hilo halipatikani kwa kukisia, hivyo fanyeni safari ya majaribio ya siku tatu au nne mkiwa na mzigo wote mtakaoubeba. Siku ya kwanza kila mtu ana nguvu. Ya tatu ndiyo itakayowaambia ukweli kuhusu mapaja, viganja na kiti. Baiskeli yenye mzigo wa kilo 20, katika barabara ya lami yenye miinuko ya wastani, mara nyingi huenda kilomita 12 hadi 16 kwa saa, kwa hiyo saa tano za kukanyaga pedali ni kilomita 60 hadi 80, na saa hizo tano humaliza mchana mzima ukihesabu kula, kutafuta maji, kupumzika na kusimamisha hema. Wekeni siku moja ya mapumziko katika kila siku sita au saba, na juu yake siku kadhaa za akiba, kwa sababu mvua, homa na gurudumu lililopinda havifuati ratiba ya mtu.

Tofauti ya nguvu kati yenu isawazishwe kwa mzigo. Wengi huona kwamba haki ni kugawana vitu nusu kwa nusu, na nadhani hapo ndipo ugomvi mwingi wa njiani unapozaliwa, maana aliye dhaifu hufika kileleni akihema, akamkuta mwenzake amekwisha pumzika na anataka kuondoka mara hiyo. Sisi tulihamisha kilo sita kutoka mifuko yangu kwenda kwenye yake, yaani hema, jiko na sehemu kubwa ya maji (lita moja ya maji ni kilo moja, na watu husahau), na kuanzia siku hiyo tukawa tunapanda pamoja. Upepo wa mbisho unapovuma, mwenye nguvu atangulie na mwenzake amfuate kwa karibu, kwa kuwa anayekaa nyuma ya mwingine huokoa sehemu kubwa ya nguvu ambayo angeitumia kuukata upepo. Kwenye mteremko, achaneni kwa umbali wa kutosha. Baiskeli nzito huchelewa kusimama.

Kuna kosa moja tulilolifanya ambalo nawaomba msilirudie. Ili kupunguza uzito tulichukua pampu moja, nayo ilikuwa kwake. Asubuhi moja tairi langu la nyuma lilipata pancha wakati yeye amekwisha vuka kilima. Nilikuwa na tyubu mpya mkononi na tairi limeshafunguliwa, lakini sikuwa na kitu cha kulijaza upepo, wala simu haikuwa na mtandao. Nilikaa kando ya barabara karibu saa mbili, jua likipanda na chupa yangu ikikauka, hadi alipogeuza baiskeli na kurudi kilomita zote alizokuwa ametangulia. Tangu hapo kila mmoja wetu ana pampu yake, tyubu, viraka, maji, chakula kidogo, fedha na nakala ya ramani. Vitu vinavyoweza kubebwa kimoja kwa wawili ni hema, jiko na vifaa vikubwa vya matengenezo. Tuna pia kanuni kwamba aliye mbele husubiri kwenye kila njia panda, hata kama njia ya kufuata iko wazi.

Chagueni baiskeli zenye ukubwa mmoja wa magurudumu, na ikiwezekana breki na cheni za aina moja, ili vipuri vya mmoja vimfae mwingine. Spoki hukatika zaidi kwenye gurudumu la nyuma, upande wa gia, kwa hiyo bebeni chache za urefu unaofaa upande huo. Cheni ipimeni kwa rula: mapingili 24 ya cheni mpya yana urefu wa inchi 12 kamili, yakizidi kwa milimita 1.5 ibadilisheni, kwani ikifika milimita 3 huwa imeshakula meno ya gia. Kazi hizi zote mzijue wawili. Fundi akiwa mmoja na akaugua, safari imesimama.

Kuhusu kugawana majukumu, napenda mfano wa Fanny Bullock Workman na mumewe William, ambao mwaka 1895 walizunguka Uhispania kwa baiskeli na baadaye wakawa wapanda milima katika Himalaya. Katika misafara hiyo ya milimani walipokezana: mwaka mmoja mke alisimamia maandalizi na mume akashughulikia picha na vipimo, na mwaka uliofuata wakabadilishana. Sisi hupokezana kila wiki. Anayeshika ramani ndiye anayeamua njia, na mwenzake halaumu hata tukipotea. Uamuzi wa kusimama, hata hivyo, hauna zamu. Yeyote akisema leo basi, tunatafuta pa kulala bila kuulizana sababu.

Siku hizi kwenye miinuko mirefu mimi ndiye ninayetangulia, naye hukaa nyuma yangu. Akigonga kengele mara moja nasimama, akigonga mara mbili naendelea.