Sherifu wa senema na sharifu wetu, wana udugu?

SUALI: Asalaam alaykum. Naandika kutoka Wete. Barazani kwetu kumezuka ubishi, vijana walikuwa wanatizama filamu ya makauboi kwenye simu, mle mna bwana ana nyota kifuani wanamwita sherifu, mzee mmoja akasema huyo asili yake ni sharifu na Wazungu wamelichukua jina kwetu. Wengine wakacheka. Nani mkweli? Na mbona pengine nasoma sherifu ni jaji?

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Mzee wenu mstahini, ila hapo kateleza. Sharifu ni Kiarabu, mtu wa nasaba tukufu, na sisi hatumwiti hivo ila aliyetokana na kizazi cha Mtume (S.A.W.). Huyo wa nyota katoka kwengine kabisa, ni maneno mawili ya Kiingereza cha kale yaliyogandana, shire ni mkoa na reeve ni msimamizi, na Waingereza walikuwa nalo kabla Wanormani hawajawavamia mwaka 1066. Alikuwa mtu wa mfalme huko mkoani, anakusanya kodi, anakamata wahalifu.

Kinachowavuruga ni kuwa neno limesafiri na kila lilipofika likapewa kazi nyengine. Marekani huyo ni mkuu wa polisi wa kaunti na wengi wao wanapigiwa kura, yani anabandika mabango na kupita nyumba kwa nyumba kama mtu anautaka uwakilishi, halafu akishinda ndo anakukamata. Scotland hakamati mtu, ni jaji hasa, yuko mahakamani anahukumu, basi hiyo ndo uliyoisoma. England kwenyewe lilikozaliwa limebaki pambo tu, cheo cha mwaka mmoja, hakina mshahara, na mfalme akimteua hatii saini wala tiki, anachukua kitu kama sindano nene anatoboa karatasi pale penye jina lake. Wallahi mie hapo ndo nilipocheka.

Lakini yakhe, msimuonee sana mzee, kwa sababu masharifu nao wameshika hukumu. Makka ilikuwa chini ya masharifu mpaka miaka ya 1920, na hapa Unguja Sayyid Ahmad bin Sumait, aliyefariki 1925, alikuwa mtu wa nasaba hiyo na alikuwa kadhi. Kwa hiyo sharifu anayeamua kesi tulikuwa naye kweli, ila kilichomkalisha pale ni elimu yake, jina halikumpa kazi.