Unataka kusomea bahari na tabianchi? Anza na bamvua

Wadogo zangu kibao wananiuliza waanzie wapi wakitaka kusoma mambo ya mabadiliko ya tabianchi na viumbe vya bahari. Ngoja niwape kosa langu kwanza.

Nilienda Paje, Unguja, kufanya risachi ya joto la maji na mwani, nikakodi ngalawa, kila siku naenda kupima kule nje karibu na mwamba, maji buluu safi, wiki 2 nzima naandika 28, 29, nikajiona profesa kabisa. Huku ufukweni mwani wa watu unakufa na data yangu inasema bahari iko poa. Bi mmoja mkulima akaniuliza, "Mwanangu, kwani mwani wangu nimeupanda huko unakopima?" Nikaishiwa maneno. Kesho yake akanichukua mpaka kwenye vigingi vyake, ilikuwa bamvua, yaani zile siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, maji yamekupwa yamebaki ya vifundoni, saa 6 kasoro, nikachovya kipimajoto: 36.

Sasa hapo ndo nikaelewa. Unguja maji ya bamvua yanakupwa kabisa kuanzia saa 4 asubuhi hivi kwenda mchana, kwahiyo jua kali na maji kidogo vinakutana, na ukichukua wastani wa mwezi huoni kitu, mwani haufi kwa wastani, unakufa kwa yale masaa machache. Unapauka, unalainika, unakatika kwenye kamba, wenyewe wanaita aisi-aisi. Mwani uko wa aina 2, kotoni na spinosamu. Kotoni ndo imepigwa zaidi, na ndo yenye bei, wakulima wengi wamebaki na spinosamu inayovumilia ila hela yake ndogo. Alafu usikimbilie kuandika kwenye ripoti "wahamie maji ya kina kirefu" kabla hujauliza wangapi wanajua kuogelea na boti ni ya nani.

Matumbawe ni habari nyingine. Yale yanapauka maji yakizidi joto la juu la kawaida kwa digrii 1 tu, ila liwe limekaa wiki kadhaa, kama 1998, 2016 na 2024. Kwahiyo huko loga yako, yaani kile kifaa kinachokaa majini kinajirekodia joto chenyewe, ikae miezi, sio safari moja ya wikiendi. Ujue kwanza kiumbe wako anaumizwa na masaa au na wiki, ndo ununue vifaa.

Loga nunua 2. Mimi yangu niliifunga na taitai moja, kile kikamba cha plastiki, kwenye kigingi, upepo wa kusi ukaondoka nayo, miezi 3 ya data ikaenda zake Somalia huko. Na kila ukipima andika saa, maji yanajaa au yanakupwa, na mwezi mwandamo tarehe ngapi, hiyo ya mwisho vyuoni hawafundishi lakini yule Bi alikuwa ananitajia bamvua zote mpaka Ramadhani bila kushika simu.

Alafu vaeni viatu jamani. Mimi miiba nilitolewa kwa sindano, na huyohuyo Bi, huku anacheka mpaka kakaa chini.