Maswali ya Wasomaji: Kinda Chini ya Mti, Nyoka Sebuleni, Popo Darini

Barua za safari hii zimejaa wanyama waliojileta wenyewe, mlangoni, darini au kwenye skrini ya simu. Zilizouliza jambo moja tumeziunganisha. Tunaanza na ile isiyoweza kusubiri.

Mbwa amemng'ata mtoto kidogo tu. Kuna haja ya hospitali?

*Ndugu mhariri, mtoto wa dada yangu, mwenye miaka sita, ameng'atwa mguuni na mbwa asiye na mwenyewe. Meno yamepenya kidogo, damu haikutoka nyingi, na mbwa alionekana mzima. Tumempaka dawa ya kidonda. Inatosha? (Mama mdogo)*

Haitoshi, mama. Mpelekeni leo hii.

Virusi vya kichaa cha mbwa hukaa kwenye mate. Vikipita kwenye ngozi iliyochanika huingia katika neva na kupanda polepole kuelekea ubongoni. Safari hiyo kwa kawaida huchukua mwezi mmoja hadi mitatu. Huweza kuwa fupi kuliko wiki moja, na mara chache hupita mwaka. Ukubwa wa jeraha hauna neno hapa. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Kabla hazijaanza, chanjo ikitolewa ipasavyo humwokoa. Hata aliyechelewa kwa siku kadhaa aende vilevile.

Kabla ya kutoka nyumbani, osheni jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, mkitazama saa, maana watu wengi huacha baada ya dakika moja wakidhani wamemaliza. Ganda la nje la virusi hivi lina mafuta, na sabuni hulivunja. Kisha pakeni ayodini au spiriti. Msipake majivu wala mafuta. Jeraha lisishonwe haraka wala kufungwa kwa kukazwa.

Hospitalini ataanzishiwa chanjo, inayodungwa begani au, kwa mtoto mdogo, pajani. Haidungwi kwenye tako, kwa sababu mafuta ya hapo huipunguzia nguvu. Ratiba zipo zaidi ya moja. Inayotumika sana ina sindano siku ya 0 (yaani siku ya sindano ya kwanza), ya 3, ya 7 na ya 14. Kwa kuwa ngozi ya mtoto wenu imepenywa, ulizeni pia kuhusu kingamwili, dawa inayodungwa ndani na kandokando ya jeraha lenyewe ili imlinde wakati mwili bado unajifunza kupigana. Kingamwili haitolewi tena baada ya siku 7 tangu sindano ya kwanza ya chanjo. Jambo linaloharibika mara nyingi ni mzazi kukatisha sindano kwa sababu jeraha limepona. Kupona kwa ngozi hakusemi lolote kuhusu virusi.

Mbwa kuonekana mzima hakutoshi pia, kwani mate yake huweza kuwa na virusi siku kadhaa kabla hajaanza kuugua. Akipatikana, afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10. Akibaki mzima hadi mwisho, daktari anaweza kusimamisha chanjo. Msimuue na kumzika kimyakimya: akifa, daktari wa mifugo atahitaji kichwa chake kwa ajili ya kupima ubongo. Lakini chanjo ianze bila kungoja jibu hilo.

Kinda limeanguka. Tulirudishe kiotani au tulilee?

*Watoto wangu wameokota kinda la ndege chini ya mti. Tumeambiwa tukiligusa mama yake atalikataa. Tumelipa maziwa kwa bomba la sindano. (Baba wa mapacha)*

Acheni maziwa mara moja. Ndege hawana uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa, na tumbo litaharibika. Hata maji safi ni hatari yakimiminwa mdomoni: tundu la kupitishia hewa liko kwenye shina la ulimi, na tone moja likikosea njia huishia kwenye mapafu. Makinda mengi yanayofia mikononi mwa watu wema hufa namna hii, kwa kunyweshwa.

Ndege hawamkatai mtoto kwa sababu ameguswa na mtu. Wengi wao hawategemei harufu kumtambua mtoto. Wanamtambua kwa sauti na kwa mahali alipo.

Sasa mtazameni vizuri. Akiwa uchi, au ana malaika tu na macho yamefumba, nafasi yake ni kiotani. Mpasheni joto kwanza ndani ya viganja vilivyokauka, kwa sababu mzazi hawezi kumlisha kinda aliyepoa, asiyeweza kuinua shingo na kuachama. Kisha mrudisheni. Kiota kikiwa kimebomoka, chukueni kikapu kidogo au chombo cha plastiki kilichotobolewa chini ili mvua isituame, wekeni nyasi kavu, kifungeni kwa waya kwenye mti uleule, karibu na kilipokuwa kiota na mahali penye kivuli. Ondokeni. Mtazame kutoka mbali kwa saa moja au mbili. Mtu akisimama chini ya mti, mzazi hatui.

Akiwa ameota manyoya, mkia mfupi, anarukaruka na kushika kidole kwa nguvu, hajaanguka. Ametoka kiotani kwa wakati wake na anajifunza kuruka. Wazazi humlisha hapohapo chini kwa siku kadhaa, wakati mwingine hadi wiki mbili. Msaada wenu ni kumsogeza kwenye kichaka au tawi la chini lililo karibu na kumfungia paka ndani. Kumchukua ndege wa namna hii ni kumnyang'anya wazazi wake wakiwa wanaangalia.

Kama paka amemshika, hata bila kuonekana jeraha, ni mgonjwa. Mdomo wa paka una bakteria wanaoweza kumuua ndege ndani ya siku moja au mbili, na anahitaji antibayotiki ya daktari wa wanyama siku hiyohiyo. Mwekeni kwenye boksi lenye giza na matundu ya hewa, bila chakula, na mumpeleke.

Nyoka kaingia ndani. Tungefanya nini?

*Nyoka aliingia sebuleni, akajificha nyuma ya kabati. Mume wangu alimpiga kwa fimbo hadi akafa. Jirani anasema tulikosea. Je, mafuta ya taa na vitunguu saumu humfukuza? (Msomaji wa muda mrefu)*

Jirani yako ana hoja, dada. Watu wengi huumwa katika mambo mawili: kumkanyaga nyoka wasiyemwona, na kumsogelea ili wamuue au wamkamate. Fimbo humleta mtu kwenye umbali ambao nyoka hufika. Na kichwa kilichokatwa bado kinaweza kuuma na kuingiza sumu kwa saa nzima au zaidi. Watu wameumwa wakikizoa.

Watoeni watoto na wanyama wa kufugwa. Mtu mmoja abaki akimwangalia kutoka mita tatu au zaidi, kwa sababu nyoka aliyepotea machoni ni tatizo kubwa kuliko anayeonekana. Zibeni sehemu ya chini ya milango ya vyumba kwa taulo lililokunjwa, fungueni mlango wa nje, nyamazeni. Mara nyingi hutoka mwenyewe. Asipotoka, itwe idara ya wanyamapori au mtu aliyefunzwa kukamata nyoka.

Mafuta ya taa, vitunguu saumu, kiberiti cha unga na vidonge vya nondo havijathibitika kumzuia nyoka. Mafuta ya taa yanaweza pia kumuua mtoto anayeyaonja. Nyoka anafuata panya, vyura na mahali pa kujificha, kwa hiyo kazi iko hapo. Pengo la kidole chini ya mlango linamtosha: pigilieni mpira wa mlango. Matundu ya maji machafu yawekewe wavu wa waya wenye vitundu vya milimita 6, ambavyo hata panya mdogo hapiti. Kuni, matofali na mabati yasogezwe mbali na ukuta, nyasi zifyekwe, pumba na punje za chakula cha kuku zifagiliwe kabla ya usiku. Usiku tembeeni na tochi na viatu, na viatu vilivyolala nje vikung'utwe. Chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro kinazuia mbu na nyoka pia.

Mtu akiumwa, mwondoeni hapo, mtulizeni, mvueni pete, bangili na saa kabla uvimbe haujaanza. Mguu au mkono ufungwe banzi kama uliovunjika, abebwe, asitembee, kwani kila misuli inapokaza husukuma sumu mbele. Andikeni saa aliyoumwa, na kwa kalamu chora mpaka wa uvimbe kwenye ngozi. Daktari ataona unavyopanda. Akianza kutapika au kulegea, alale ubavu wa kushoto.

Msifunge kamba. Kamba iliyokazwa huua nyama ya mguu kwa kukosa damu, na ikifunguliwa sumu iliyokusanyika humwagika mwilini kwa mkupuo. Msichanje, msifyonze, msiweke jiwe jeusi, msimpe aspirini, ambayo huzidisha kutoka damu. Nyoka asifuatwe, picha iliyopigwa kwa mbali yatosha. Dawa ya kuzuia sumu hutolewa hospitalini tu, kwa kuwa yenyewe huweza kuleta mzio mkali unaohitaji kutibiwa papo hapo. Kama ni swila aliyetema machoni, mimineni maji mengi kwa dakika 15 hadi 20 bila kufikicha, kisha nendeni hospitali.

Fundi anataka kuziba dari mchana popo wakiwa ndani

*Harufu imetushinda. Fundi anasema aweke simenti kwenye matundu yote siku moja. (Mwenye nyumba)*

Usimruhusu. Watafia humo, harufu itazidi mara nyingi, na watakaopata upenyo watashukia vyumbani.

Kwanza wekeni watu wawili nje, kila mmoja upande wake, jua linapozama, kwa jioni mbili. Matundu wanayotokea huwa na doa la mafuta la kahawia na vinyesi chini yake. Zibeni mianya mingine yote, hata ya upana wa sentimita moja, mkiacha hayo tu. Juu ya kila tundu lililobaki ning'inizeni wavu laini wa vitundu visivyozidi milimita 4, uliobanwa juu na pembeni, ukishuka nusu mita chini ya tundu na kuachwa wazi kwa chini. Popo hutambaa kuelekea chini na kutoka; akirudi hutua penye tundu, na wavu humzuia. Baada ya usiku tano hadi saba bila popo kutoka, ondoeni wavu na kuziba.

Kosa kubwa ni msimu. Popo wengi huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, na mtoto huyo haruki kwa wiki kadhaa. Sikilizeni usiku, wakubwa wakishatoka: milio ikiendelea darini, kuna watoto, na kazi ingoje.

Kinyesi kisifagiliwe kikavu. Vumbi lake linaweza kubeba kuvu wanaoshambulia mapafu. Lowesheni kwanza, vaeni glavu na barakoa ya N95, zoeni kwenye mifuko miwili. Popo asishikwe kwa mkono mtupu kamwe. Akimng'ata au kumkwaruza mtu, fuateni yale yale tuliyoandika kuhusu mbwa.

Habari za mafua ya ndege, na kunguru wawili wamekufa uani

*Nina kuku thelathini. Niwachinje? (Mfugaji)*

Usichinje. Virusi vya H5N1, aina mojawapo ya mafua ya ndege, viliwaambukiza watu 18 Hong Kong mwaka 1997, sita wakafariki, na mwaka 2024 viligunduliwa kwa ng'ombe wa maziwa Marekani, ndiyo maana habari hazikatiki. Lakini kunguru wawili wanaweza kufa kwa sumu ya panya au umeme. Geuza mfuko wa plastiki mkononi, waokote nao, ufunge, kisha uutie kwenye mfuko wa pili, unawe kwa sabuni, na umjulishe ofisa mifugo, hasa wakiendelea kufa. Weka viatu vya bandani pekee. Chakula na maji ya kuku viwe chini ya paa, mahali ndege wa porini hawafiki.

Piga simu bila kungoja iwapo kuku kadhaa watakufa ghafla, vichwa vikivimba, upanga wa kichwani ukigeuka zambarau, au mayai yakipungua kwa siku moja. Mdondo, ugonjwa mwingine wa kuku, huonyesha dalili zinazofanana sana, na maabara peke yake ndiyo hutofautisha. Usiuze waliobaki kwa haraka: hivyo ndivyo ugonjwa unavyosambaa kutoka banda hadi banda.

Video ya mnyama anayeinua mikono akikunwa

*Ana macho makubwa, anapendeza sana. Anafurahi kweli? (Mwanafunzi)*

Hapana. Huyo ni lorisi, mnyama wa usiku wa Asia, ndugu wa komba. Anainua mikono kwa hofu: upande wa ndani wa kiwiko ana tezi, huilamba, na majimaji yake yakichanganyika na mate huwa sumu. Wauzaji humkata meno ili asiume, na mwanga wa chumba humuumiza macho. Tangu 2007 biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Usiisambaze video, bonyeza sehemu ya kuripoti, uchague ukatili kwa wanyama.

Mjusi kafiri akianguka kwenye chakula, chakula kina sumu?

Hana sumu. Kinyesi chake ndicho huweza kubeba bakteria wa kuharisha, kwa hiyo chakula hicho kitupwe, chombo kioshwe kwa sabuni na maji ya moto, na mitungi ya maji ifunikwe. Yeye mwenyewe mwacheni ukutani, anakula mbu.