Mfarishi wa sita kwa sita unakula kitambaa kiasi gani?

Swali: Asalam alaikum bibi, mie niko Wete, nataka kushona mfarishi wa viraka wa kitanda cha sita kwa sita, ninunue mita ngapi za kitenge? Naogopa kuishiwa katikati manake rangi ile ile huipati tena.

Jibu: Waalaikum salam mwanangu. Kabla ya kwenda dukani pima kitanda, na pale unapotaka ushuke pembeni pia upime. Tuseme umepata mita 2.6 kwa 2.4. Kiraka cha sentimita 20 kikate 22, mshono unakula moja kila upande, na hapa ndo wengi wanapopungukiwa kwa kweli, wanapiga hesabu ya kiraka kilichokwisha shonwa. Vinaingia 13 kwa 12, yani viraka 156. Kitenge cha upana wa 115 kinatoa vitano kila mstari, basi mistari 32, mita 7 na kidogo, we chukua 8, ukitaka rangi nne ni mita mbili mbili. Kitambaa cha chini kikiwa cha upana wa 150 unaunga vipande viwili, mita 5 na nusu inatosha na inazidi pembeni kidogo. Na ufue vyote kabla ya kukata, tafadhali, pamba ikiingia maji inapungua.