Gari kuchemsha baada ya kubadilisha gasketi ya hedi

Waalaykumu salaam ndugu yangu. Umesema Corolla yako ya zamani, tangu ubadilishe gasketi ya hedi (ile inayoziba kati ya hedi, yaani kichwa cha injini, na silinda) mwenyewe hapo nyumbani Wete, Pemba, inachemsha ukipanda vilima vya kwenda Chake, na rejeta ina maji tele.

Mimi ningeanza na hewa. Ukishamwaga maji ya injini, hewa hunasa ndani, na iliponasa maji hayazunguki. Injini ikiwa baridi kabisa, egesha gari pua ikiwa juu, fungua mfuniko wa rejeta, fungulia hita mpaka mwisho, washa bila kukanyaga mafuta, ongeza maji taratibu mpaka mapovu yakome. Yasipokoma, huenda gesi inapenya kutoka silinda. Hedi ikipinda hata sehemu ndogo ya milimita, gasketi mpya haizibi. Ipeleke hedi ikapimwe na kusawazishwa.

Mpira wa juu wa rejeta ukichoma na wa chini ukabaki baridi, ishuku thamostati, ile vali inayofunguka maji yakipata moto. Wengi huitoa tu wakaendelea. Mimi sikubaliani nalo, nunua nyingine. Na maji ya kisima tafadhali usitie, chokaa yake hugandia rejeta. Ikishachemsha, mfuniko usiuguse mpaka ipoe, nakuomba sana.