Risasi ndogo kwa koyote: usiangalie kipenyo tu, angalia kichwa cha risasi

Mkuu, umeuliza kama .223 (risasi yenye kipenyo cha kama inchi 0.22) inatosha kwa koyote, yule mbwa mwitu mdogo wa Amerika, na kama zile risasi za kijeshi ulizopata kwa bei ya kutupa zitafaa. La kwanza ndiyo. La pili hapana.

Nina misimu sita ya baridi huku magharibi mwa Kansas, kwenye malisho ya mzee mmoja anayesumbuliwa na koyote wakati ng'ombe wanazaa. Manyoya ya Januari yatakudanganya, utadhani mnyama mkubwa. Niliowapima mimi wengi hawakufika kilo 16. Kichwa cha risasi ya kijeshi, yaani ile sehemu inayoruka, kimefunikwa shaba mpaka nchani, hakifunguki, na kwenye mwili mwembamba hivyo kinapita kama sindano. Wangu wa kwanza alikimbia na tundu lake. Tulifuata damu kwenye theluji karibu saa nzima, tukampoteza. Bado inaniuma. Na kikishapita, kinaendelea na safari, huko nyuma kuna ng'ombe wa watu.

Sasa hivi kwenye .223 natumia kichwa aina ya V-Max cha greni 55 (kama gramu 3.6). Ina ncha ya plastiki na ganda jembamba, inatoka na mwendo wa karibu mita 980 kwa sekunde. Ikiingia mbavuni inapasukia ndani, mara nyingi haitoki upande wa pili, ngozi inabaki nzima. Ubaya wake ni bega: ukigonga mfupa kwa karibu inaweza kupasukia juu juu, ukaacha donda baya na mnyama akaondoka nalo. Kwa hiyo greni 40 kwenye .223 siitaki, ni nyepesi mno, hata kama ina kasi zaidi. Subiri akupe ubavu.

Jamaa yangu ana bunduki ya .22-250, kipenyo kilekile ila ganda la baruti kubwa zaidi. Kichwa kilekile cha greni 55 kinakaribia mita 1,120 kwa sekunde. Upepo wa huku anausikia kidogo kuliko mimi, ila ngozi zake anazishona sana. Ukitaka ngozi safi kabisa, .204 Ruger, yenye kipenyo kidogo zaidi, ni tamu, na humo chukua greni 40 badala ya 32. .17 HMR, ndogo kuliko zote hizi, waachie sungura.

Ukihamia California, tangu Julai 2019 huruhusiwi kuwinda kwa risasi iliyotengenezwa kwa risasi. (Kiswahili kimetuponza hapo, madini na kinachofyatuliwa jina moja.) Tafuta za shaba.

Kabla hujanunua chochote, soma maandishi kwenye mtutu. Wangu wa zamani ni 1:12, yaani michirizo inazunguka mara moja kila inchi 12. Niliulisha greni 69, karatasi ya shabaha ikatoboka ubavu ubavu, vichwa vilikuwa vinapinduka hewani. Wa 1:8 au 1:9 unakula greni 55 na 69 zote mbili. Wako umeandikwa ngapi? Nijibu hapa, halafu nunua maboksi mawili tofauti, piga tano tano yadi 100, uone bunduki yenyewe inapenda lipi.