Uliza Fundi wa Ndege: Injini mbili zinatosha kuvuka bahari?

SWALI: Shikamoo Mzee Fundi. Mimi ni mkulima wa zabibu huku Hombolo. Binti yangu amepata nafasi ya kusoma India, na mwezi ujao anapanda ndege Dodoma hadi Dar es Salaam, halafu Dar es Salaam hadi Mumbai. Shemeji yangu, aliyekwenda Hija zamani kwa ndege ya injini nne, ametutia hofu. Anasema siku hizi mashirika yamebana matumizi, ndege inavuka bahari na injini mbili tu, na moja ikizima nusu ya ndege imekufa. Tena anasema kwa joto na mwinuko wa Dodoma, injini moja haiwezi kuinyanyua ndege. Ni kweli?
Mama Mzabibu, Hombolo

JIBU: Marahaba, mama, na hongera kwa binti. Kuhusu kubana matumizi shemeji yako kasema kweli. Injini nne zinakunywa mafuta sana na zinataka matunzo maradufu. Airbus A380 ya mwisho, ndege ya injini nne, ilikabidhiwa kwa mteja Desemba 2021, Boeing 747 ya mwisho, nayo ya injini nne, Januari 2023, na kampuni hizo mbili haziundi tena mpya.

Hiyo ya nusu ya ndege kufa ndiyo siikubali. Ndege ya abiria ya injini mbili haipewi kibali mpaka ithibitike kwamba injini moja inaweza kuendelea kuipandisha, hata nyingine ikizima sekunde ile mbaya kuliko zote, mwendo ukiwa umeshakuwa mkubwa mno kwa rubani kufunga breki. Kwa hiyo zote mbili zikiwa nzima, nguvu ipo ya akiba.

Kwenye joto na mwinuko shemeji kagusa penyewe. Uwanja wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na jua la Oktoba linaifanya nyepesi zaidi. Lakini hayo yote yanapigiwa hesabu kabla ya kila safari: joto la saa ile, upepo, urefu wa njia ya kurukia, uzito. Hesabu ikikataa, uzito unapunguzwa. Ndipo abiria anafika Dar na sanduku lake linafuata baadaye, naye anagomba kaunta. Mimi pia ningegomba, ila kimoyomoyo ningeshukuru.

Bahari nayo ina sheria yake. Mwaka 1953, enzi za injini za pistoni, Marekani ilikataza ndege ya injini mbili kwenda mbali zaidi ya dakika 60 kutoka uwanja wa kutua, zikihesabiwa kwa mwendo wa injini moja. Mwaka 1985 Boeing 767 zikaruhusiwa dakika 120 kuvuka Atlantiki. Leo Airbus A350, ya injini mbili, ina kibali cha hadi dakika 370. Marubani hupanga viwanja vya kukimbilia kabla hawajaondoka, na pande hizo za kwetu kuna Mombasa, Shelisheli na Salalah ya Omani.

Kinachonikera ni watu kuhesabu injini kana kwamba wingi ndio usalama. Mwenye ng'ombe wanne ana nafasi maradufu ya kuuguliwa na mmoja kuliko mwenye wawili, na kimeta kikiingia zizini hakihesabu vichwa. Injini ni hivyo hivyo. Swali la kuuliza ni kitu gani kinaweza kuziua zote kwa mpigo.

Juni 1982 Boeing 747 ya British Airways iliingia usiku kwenye majivu ya volkano ya Galunggung, Indonesia. Injini nne zilizima zote, moja baada ya nyingine. Zikawaka tena baada ya ndege kushuka na kutoka kwenye majivu, ikatua Jakarta. Agosti 2001 A330 ya Air Transat, yenye injini mbili, iliishiwa mafuta juu ya Atlantiki kwa sababu ya kuvuja. Ilielea kama dakika 19 bila injini hata moja, ikatua visiwa vya Azores, na watu wote 306 wakatoka hai. Ingekuwa na injini nne zinazokula mafuta hayo hayo, zingezima nne.

Ila kisa ninachowasimulia vijana hangani, karakana yetu ya ndege, ni cha Mei 1983, ndege ya injini tatu ya Eastern, shirika la Marekani, kutoka Miami. Kwenye injini kuna kizibo chenye sumaku kinachonasa chembe za chuma ndani ya oili. Unakifungua, unakipangusa kwa kitambaa cheupe, unakisogeza kwenye mwanga. Ukiona weusi laini, sawa. Ukiona kijipande cha chuma kinachometa, huenda beringi imeanza kuliwa na ndege hairuki. Ukikirudisha lazima kiwe na oringi, kale kampira ka kuzuia oili isivuje. Usiku wa kuamkia safari ile vizibo vilirudishwa bila oringi kwenye injini zote tatu. Angani oili ikavuja, injini zikazima zote, na ndege ikarudi Miami kwa ile ya kwanza kuzimwa, iliyowashwa tena.

Ndiyo maana kwenye ndege za injini mbili zinazovuka bahari, fundi mmoja haruhusiwi kufanya kazi ile ile kwenye injini zote mbili kwa wakati mmoja. Mimi nikifungua ya kushoto, mwenzangu anafungua ya kulia. Sheria hiyo naiamini kuliko injini ya tatu.

Hofu ya kweli ya injini mbili ni kuzima isiyo mbovu. Januari 1989 karibu na Kegworth, Uingereza, marubani wa Boeing 737 walizima iliyo nzima, wakafa watu 47. Tangu hapo mazoezi yametilia mkazo kuhakiki kwanza kabla ya kugusa, na rubani hufanyishwa mitihani ya injini kuzima mara kwa mara kwenye mashine ya kuigiza ndege. Binti apande.

SWALI: Fundi, kila nikitoka Dodoma, dakika chache baada ya kuruka mlio wa injini unashuka ghafla na tumbo linanicheza. Zinazimwa?
Abiria wa Kondoa

JIBU: Hapana. Rubani anapunguza nguvu ya kurukia na kuweka ya kupandia, ili injini zisichoke bure. Utausikia ukipungua tena mkianza kushuka Dar, na hapo mlio utapungua zaidi.